Karamu ya Shemeji Trác

Huế, tarehe tatu, mwezi wa saba wa mwandamo

Kwa dada yangu mpenzi Lài,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote wa nyumbani. Magoti yako yanaendeleaje na mvua hizi? Ile dawa ya kuchua niliyokuletea wakati wa mwaka mpya, Tết, imekusaidia, au umeshampa jirani kama kawaida yako? Sisi huku ni wazima. Jicho langu limepona, sasa naona mpaka tundu la sindano, na mwandiko huu ni wangu mwenyewe. Nimeandika kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu. Naomba tu usome mpaka mwisho.

Nianze na Khuê, maana najua unataka habari zake hata kama huulizi. Mtoto wetu anaposwa, dada. Kijana ni mtu wa Hội An, mpole, anakula pilipili yangu bila kulalamika. Watu wa kwao wataleta sinia za tambuu na popoo tarehe kumi na sita ya mwezi wa nane.

Kazi yake unaijua, lakini niache nijisifu kidogo. Hapa sokoni wakiniuliza, huacha kupima dagaa nikawaeleza. Nawaambia siku hizi kuna akili ya kompyuta inayopokea oda za karamu kama karani. Karani huyo ana vyombo vyake: kimoja cha kuandika oda, kimoja cha kuifuta, kimoja cha kutafuta mpishi. Lakini hajawahi kukanyaga jikoni. Chombo anakijua kwa maelezo aliyoandikiwa tu, na mwandishi wa maelezo ni mwanangu. Mke wa muuza chai akasema, kwani kuandika vibandiko nayo ni kazi? Nikamwuliza, kwake chumvi na sukari anazitofautisha kwa harufu?

Tena mimi wa darasa la tano ndiye niliyekuwa nampima. Kila Jumapili alinisomea alichoandika. Nisipoelewa, anaandika upya. Siku moja alisoma, “Chombo hiki hushughulikia oda iliyopo.” Nikamwuliza kushughulikia ndiyo kufanyaje, kuibembeleza? Akacheka, akaandika kwamba chombo hiki hufuta oda na hairudi tena, na kwamba mteja akitaka kubadilisha siku tu, kisitumike hiki, kitumike kile kingine. Bosi wake, bwana Quýnh, aliyasoma maneno hayo mbele ya ofisi nzima kama mfano. Mtaa wote uliambiwa, na aliyeniambia ninajivuna nilimjibu ndiyo.

Sasa nifike panapouma. Kila mwaka huja kwako siku mbili kabla ya kumbukumbu ya kifo cha shemeji Trác, nikapika mwenyewe samaki wake wa kukaangiza na saladi ya fenesi. Mwaka huu nililazwa kwa ajili ya jicho, nikakwambia usihangaike, karani wa Khuê atamwagiza mpishi wa huko huko Đông Hà. Nikampa karani tarehe kama tunavyoisema sote, kumi na mbili mwezi wa tatu. Siku ikafika, ndugu wakaja kutoka Cam Lộ, ubani ukawaka, na chakula hakikuja. Ukamwekea mumeo wali na mayai ya kuchemsha. Karamu ilifika zaidi ya mwezi baadaye, sinia sita za chakula cha moto, nyumba haina mgeni hata mmoja.

Kilichotokea ni hiki. Chombo cha kuandika oda hupokea tarehe ya mwandamo, na chenyewe huigeuza kuwa ya kalenda ya ofisini. Karani, kwa bidii yake, akaigeuza kwanza yeye. Tarehe ikageuzwa mara mbili, ikasogea mbele zaidi ya mwezi. Maelezo hayakumkataza.

Tulipokuja kuomba radhi, ulimwambia Khuê mbele ya watu, “Miaka sita umekula mkononi mwa baba mkubwa wako, na siku yake moja imekushinda kuiandika?” Akainamisha kichwa, akasema, “Nilisahau, mama mkubwa.” Na mimi nikadakia, nikasema shule yote ile kumbe ilikuwa bure.

Dada, hakusahau.

Aliandika. Jumapili moja alinisomea kwa sauti: tarehe iwekwe ya mwandamo kama mteja alivyoitaja, isigeuzwe, na ikiwa haijulikani ni ya kalenda gani, mteja aulizwe. Nilicheka mpaka nikamwaga chai. Nikamwambia, “Nani katika nchi hii humkumbuka marehemu wake kwa kalenda ya ofisini? Futa hiyo, bosi wako atadhani umelelewa na wageni.” Akasema karani hajalelewa na yeyote. Nikamwambia asinifundishe mila. Akafuta, kwa heshima yangu. Kwa bosi wake akasema amesahau, na kwako vile vile, mimi nimekaa pale pale nikamwacha aseme. Wakamnyang'anya maelezo yote ya karamu, wakampa ya anwani za barabara. Bado nilinyamaza.

Jana nilikwenda ofisini kwa bwana Quýnh nikamweleza. Hakunicheka wala hakunifariji. Alimwita Khuê, akamwambia airudishe ile sentensi kwa mkono wake. Njiani Khuê aliniambia heri nisingesema, yeye alishazoea lawama. Hilo neno ndilo lililonikalisha kuandika.

Amesema pia kwamba usipokuja wewe kupokea zile sinia za posa, atawaambia watu wa Hội An wasubiri. Hataki zipokelewe na mwingine. Kwa hiyo njoo, dada. Nigombeze mbele ya wakwe, sitajibu. Kwa shemeji nimeshafukiza ubani nikaungama. Aliyebaki ni wewe.

Wasalimie majirani, na umwambie yule fundi aliyekuezekea paa nimemkumbuka. Na siku hiyo ukifika mlangoni, usianze na mimi. Mkumbatie Khuê kwanza.

Ni mimi mdogo wako,
Sương