Maji Yaliyopaushwa

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo wewe? Wifi naye, na watoto? Huku sote wazima, ila moyo unanichemka, kwa hiyo salamu nazifupisha.

Jana kijito kilipita chini ya bustani yangu kikiwa chekundu. Juzi kilikuwa bluu. Nyinyi huko kiwandani mnatia rangi vitambaa au mnatia rangi dunia nzima? Nakaa ukingoni na ndoo kama mjinga, nangoja rangi ipite. Maji yakiwa na rangi naacha, yakiwa meupe nachota. Ndivyo tunavyoishi sote huku bondeni, na kuna siku jua linachoma mboga mchana kutwa na maji yapo pale yanapita, siwezi kuyagusa.

Wewe ndiye msimamizi wa matangi ya majitaka. Marehemu mama alijisifu kwa kila mtu kwamba mwanawe kazi yake ni kusafisha maji. Basi yasafishe!

Dada yako


Tarehe 12 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi hatujambo, wifi yako anakusalimu, na yule mdogo ameota jino, anauma kila mtu. Nadhani amekurithi wewe.

Unafikiri napenda? Mashine ya kupuliza hewa kwenye tangi kubwa imekufa tangu mwaka jana. Bila hewa, vijidudu vinavyokula uchafu navyo vinakufa, na maji yanatoka kama yalivyoingia. Nimemwambia meneja mpaka mdomo umeota sugu. Kila siku ananiambia nisubiri. Mkaguzi wa mazingira naye akija anainua chupa ya maji juani, anaangalia rangi, anaguna, anapewa soda, anakwenda zake. Usinifokee mimi. Mimi sina kiwanda, nina buti na koleo.

Lakini nimekusikia. Nipe muda kidogo.

Mdogo wako


Tarehe 5 Machi

Dada,

Shikamoo. Za huko? Barua hii ni fupi kwa sababu nina furaha.

Nenda kachungulie kijito. Hakuna nyekundu, hakuna bluu. Nimepata njia yangu mwenyewe, sijamwambia mtu hapa. Sasa maji ni meupe siku zote. Mwagilia utakavyo, na majirani waambie wasingoje tena.

Mdogo wako, fundi wa mafundi


Tarehe 19 Machi

Wewe,

Leo sikusalimu.

Bustani yangu imekufa. Mchicha ulianza kukauka ncha, nikasema ni jua, nikaongeza maji. Nikaongeza maji! Ukawa wa njano, ukalala chini. Nyanya za Mzee Kofia, huyu jirani yangu wa ng'ambo ya kijito, zimepukutisha majani yote, na alizipanda kwa ajili ya ada ya wajukuu. Bwana shamba amekuja, akanusa maji, akasema ni klorini. Harufu hata mimi niliisikia. Nikadhani ndiyo harufu ya usafi, maana hospitali inanuka hivyohivyo!

Majirani niliwaambia mimi. Nilipita nyumba kwa nyumba nikisema chota tu, mdogo wangu amesema. Sasa wakiniona wanabadili njia. Kofia hakunitukana, na afadhali angenitukana.

Ile rangi ilikuwa mbaya, lakini ilituambia tusiguse. Wewe umeiondoa ukatuachia sumu tusiyoiona. Akili ulimwazima nani siku hiyo? Acha kumwaga hicho kitu leo. Na mkaguzi akija, mwache aone maji yenu yalivyo.

Dada yako, kwa bahati mbaya


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Ndiyo, ni klorini, dawa ya kupaushia vitambaa viwe vyeupe. Niliichota kule wanakopausha, nikaitia kwenye tangi la mwisho, rangi ikatoweka mbele ya macho yangu. Nilifurahi kama mtoto. Sikuwaza kitu kingine zaidi ya rangi, kwa sababu wewe ulinipigia kelele za rangi! Niombee radhi kwa Kofia. Mimi sina uso wa kumwendea.

Nimefanya ulivyotaka. Niliacha kuitia, mkaguzi akaja, akakuta maji ya zambarau. Safari hii alikuja na bosi wake, hakunywa soda, wakachukua maji kwenda kupima. Meneja, kumbe alishaona dawa inavyopungua, akanisukuma mbele. Akasema huyu hapa, amekuwa akimwaga klorini kwa kichwa chake, hakuna aliyemtuma. Na ni kweli, dada! Ndicho kinachoniua. Mashine mbovu haikutajwa hata mara moja. Nimesimamishwa kazi, na Jumatatu ya baada ya hii naitwa ofisi ya mazingira kujibu uchafu wa kiwanda kizima, mimi peke yangu.

Haya, rangi zako zimerudi. Furahi sasa.

Mdogo wako


Tarehe 7 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Unakula? Aliyeniletea barua yako anasema sahani unairudisha ilivyo. Kula. Hutaenda kujibu maswali ya watu na tumbo tupu.

Nimeisoma nikatukana mpaka kuku wakakimbia. Nilianza na wewe, kisha nikahamia kwa meneja, na huko nilikaa sana. Kijito hiki kilikuwa kinabadilika rangi kabla hujaajiriwa hapo. Nani alikuwa anakimwagia rangi? Mtoto wa mama yetu?

Jumatatu nakuja. Nakuja na wanawake wote wa huku bondeni, na Kofia. Nilikwenda kwake mwenyewe, nikamsomea barua yako yote. Aliuliza tu basi linaondoka saa ngapi. Tangu jana kila mtu anachota maji yanayopita na kuyafungia chupani. Tutazipanga chupa juu ya meza ya hiyo ofisi ya mazingira, tuwaulize rangi hizi nazo amezimwaga nani, na mdogo wangu hayupo kazini.

Usidhani nimekusamehe. Klorini ni yako, utaijibu kwa mdomo wako mwenyewe, na hapo sitakutetea hata kwa neno moja. Mboga zangu uliziua wewe na utaambiwa hivyo mpaka uote mvi. Lakini uchafu wa kiwanda hawatakutwisha wewe nikiwa hai.

Mwambie wifi anitandikie. Sitaki kusemeshwa na wewe usiku huo, nitakuwa bado nina hasira.

Dada yako