Wanalitafuta Kombe la Jineri

Dar es Salaam

Mayu, mama yangu,

Mwadila mayu. Mguu umepoa? Unafika shambani bila fimbo? Mimi mzima, ila joto la huku na kazi ya kufua jezi vimenikondesha. Kabula mdogo wangu, msomee mama polepole, na usiruke kitu.

Mayu, jineri ya kuchambua pamba ya Ngulyati ilipouzwa, timu yetu ya mpira iliuzwa pamoja na mizani na malori. Tajiri aliyeinunua akaihamishia huku, nami nikaifuata kama mtunza vifaa. Alituahidi jina la Jineri litabaki. Sasa inaitwa Tai wa Jiji. Neno Jineri nimelifumua mwenyewe kwa wembe, jezi moja moja.

Wiki iliyopita wamepaka rangi ukuta wa ofisi, wakaandika kwamba klabu ilizaliwa hapa Dar. Orodha ya makapteni inaanza na mtu asiyewahi kukanyaga Ngulyati. Baba hayumo. Nikamfuata katibu wa klabu.

"Kapteni wa kwanza ni marehemu baba yangu. Alikufa lori la timu lilipopinduka wakienda Maswa kucheza."

Akaniangalia. "Una ushahidi?"

"Kombe la kwanza liko kwa mama. Na daftari la wanachama, lina jina lake."

Nilisema kwa hasira, mayu, nikidhani atarekebisha ule ukuta. Yeye akafunga mlango, akaniuliza kwa upole nyumba yetu iko upande gani wa jineri. Nikamwelekeza mpaka getini.

Jana mlinzi wa ofisi kaninong'oneza kwamba katibu ameondoka na gari kuja huko Bariadi. Akasema kule Nkoma, kwa mzee aliyekuwa golikipa wetu, yeye na wenzake walishapita mwezi uliopita. Walibeba picha zake zote, eti zikatunzwe. Mlinzi ndiye aliyetumwa kuzichoma nyuma ya ofisi. Anasema aliona nyuso za wachezaji zikijikunja.

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi. Ikiwatangulia, kombe na daftari mpelekee padri leo hii. Wataongea vizuri sana, watakuita mama. Usiwaingize ndani.

Nisalimie baba mdogo wa Ipililo na ng'ombe zake, shangazi mwimba kwaya, na fundi cherehani aliyetushonea jezi za mwanzo.

Kama wameshafika, usinifiche. Mwambie Kabula aniandikie walichoondoka nacho.

Mwanao niliyewaonyesha njia,
Shija