Shangazi Oighrig Amepita Getini

Nyumba ya Darajani,
Bonde la Arvaig,
Uskochi.
14 Oktoba, 1931

Mpendwa binamu yangu Lachlann,

Pokea salamu kutoka huku kwenye mvua. Hujambo? Ishbel na watoto hawajambo? Baridi ya Kanada haijakukata masikio bado? Sisi ni wazima, ila mimi sauti imekauka kwa kuimba, na sababu utaiona.

Shangazi Oighrig alitutoka wiki mbili zilizopita, usingizini. Usilie kwanza, soma. Unakumbuka alivyotuapisha tumzike kule juu, mto unakoanzia, walikolala babu zetu kabla jamaa zao hawajafukuzwa ili kondoo wapate malisho. Siku hizi hata kondoo hawapo. Bonde zima ni la kulungu, na bwana mpya mwenye ardhi ametia geti na kufuli pale mto unapobanwa na miamba.

Tukamweka begani, tukipokezana kama desturi yetu. Getini tukamkuta Farquhar, mlinzi wa kulungu wa bwana, na bunduki yake.

"Hampiti. Wageni wanawinda. Tena hapa hapajawahi kuwa na njia."

Unanijua, sikunyamaza. Nilimwonyesha marundo ya mawe kando ya mto, moja kila mahali jeneza lilipowahi kutuliwa.

"Ebo! Na haya waliyajenga kulungu? Lile lililoota majani ni la bibi yako, Farquhar. Au yeye aliruka?"

Mzee Torcuil akadakia, "Mwache, Seonag. Anaogopa bibi atatoka kumchapa tena!"

Watu wakacheka mbele ya maiti. Shangazi angefurahi.

Farquhar akawa mwekundu mpaka shingoni. Akafungua kufuli, akalitupa mtoni, akavua kofia na kutia bega chini ya jeneza. Tulipanda tukiimba bonde zima likaitika. Nilitokwa na machozi ya furaha, sifichi.

Kazi Farquhar ameipoteza. Sasa analala kwa Torcuil, anakula kwetu sote, na ananenepa. Bwana alileta kufuli jipya. Nalo halionekani, na usiniulize.

Siku ile, pale tulipolitua jeneza njiani, tulijenga rundo la Shangazi, kila mtu wa ukoo jiwe lake. La kwako nililiweka mimi, jeupe la mtoni, kwa sababu hii ni njia yako pia. Siku ukirudi, geti liko wazi.

Nisalimie Ishbel, na umbusu Ruairidh mdogo. Mungu awakinge na baridi hiyo.

Ni mimi binamu yako akupendaye,
Seonag