Koti Lako Limehamia Simbo

Mtani wangu Mwalimu Kapela,

Mimi sijambo. Hali yako sikuulizi, naijua, nilishika koleo siku ile.

Nakuandikia kwa peni ya bluu, mwandiko wangu ni uleule wa darasa la nne. Ungekuwepo ungeshaichomoa kalamu yako nyekundu. Hata kadi ya mchango wa harusi ya binti yangu uliisahihisha, ukanirudishia na alama, na mchango hukutoa mpaka nikaandika upya. Leo kalamu huna, Mnyamwezi. Utasoma hivihivi na makosa yake.

Nianze na mazishi yako, maana wewe ulikuwa umelala, hukuyaona.

Jeneza lilipofika kaburini mimi nikakaa pembeni ya shimo, miguu nikaining'iniza ndani. Mchungaji akakunja uso. Wenyeji wakacheka, wanajua Muha akifiwa na mtani wake Mnyamwezi lazima adai chake kwanza, la sivyo maiti haishuki. Wakanitupia noti. Nikazikunja nikawarudishia. Binti yako Skola, ametoka Dar na macho yamemvimba, akaja akachuchumaa karibu yangu.

"Baba Bukuru, unataka nini? Watu wanaungua jua."

Nikamwambia, "Nataka yale makabati ya baba yako yanayoimba."

Watu wakacheka tena. Skola hakucheka. Alikuwa ameshaongea na fundi samani wa mtaa wa Mwanga, na asubuhi ileile ya msiba yule bwana alipita na futi kamba yake akazipima piano zako zote tatu. Alikuwa anaziona vitanda, meza, na mlango wa mtu. Mbao nzuri zile, simlaumu. Mimi mwenyewe ni fundi wa maboti Katonga, siku ya kwanza uliponionyesha nilihesabu mbao kabla ya kuhesabu meno.

Skola akasema, "Chukua. Lakini nyumba naikabidhi mwisho wa mwezi. Itakayokuwa haijaondoka siku hiyo anachukua fundi."

Nikatoa miguu. Ukashuka.

Nikakaa nyumbani nikajiambia, Bukuru, mdomo umekuponza. Piano ya masista waliofunga hosteli yao, ya yule mzungu aliyemaliza mkataba akaondoka na masanduku mawili, na ile uliyoitoa nyuma ya baa, kuku walikuwa wanatagia. Wewe ulizikusanya mojamoja kama mtu anayeokota watoto. Kila ukileta moja nyumbani ulisema, "Hizi zitaenda mashuleni." Shule ya Simbo uliwaahidi kabisa, mwalimu mkuu akaacha kona tupu darasa la tano akaizuia isiwekwe madawati. Kisha ukafa, kwa sababu wewe kuahidi ulikuwa hodari.

Nikarudi kwako nikasema naanza na ya masista, ndiyo nzima nzima.

Nikaifungua mgongo. Ndani nikaona ubao mpana una nyufa, mwanga unapita. Mwalimu, mimi nikiona ufa wa kupitisha mwanga mkono wangu hauniulizi. Nilichemsha mawese, nikasokota pamba, nikaziba kila ufa kwa patasi na nyundo, taratibu, kama boti la kwenda Kongo. Nikaridhika. Nikasema hata ikianguka ziwani hii itaelea.

Ndipo nikamwita Mama Jeni wa kwaya yenu, maana wewe ulisema yeye ndiye mwenye sikio. Akaja na mkoba wake. Akabonyeza jino moja. Ikatoka sauti kama unapiga tumbo la mtu aliyeshiba ugali.

Akainama akaangalia ndani. Akanusa. "Mzee, umepika humu?"

Nikamweleza. Alikaa chini kwenye kigoda cha jikoni akajifunika uso na kanga, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alipopumua akasema, "Baba, huu ubao kazi yake kutetemeka. Umeuziba mdomo."

Basi tukachokonoa pamba yote, mimi na kisu, yeye na pini ya nywele. Na tulipomaliza pamba, sisimizi wakaja kwa mawese, mstari kutoka mlangoni mpaka ndani ya piano, wamepanga vizuri kuliko darasa lako. Tukawafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Mpaka sasa ukifunua kifuniko kuna harufu kidogo ya jikoni. Mama Jeni anasema haidhuru.

Baada ya hapo ndiyo kazi yenyewe. Mimi nashika ule ufunguo wako wa kukazia nyuzi, yeye anabonyeza na kusema, "Panda. Panda. Basi, umepita, shuka." Mimi sisikii tofauti, na yeye hana nguvu ya mkono, kwa hiyo tulikuwa mtu mmoja mwenye vichwa viwili vinavyogombana. Kule barazani Ujiji Waislamu wenzangu wakaanza. "Sheikh Bukuru, misa leo saa ngapi?" Nikawajibu misa ya pili, njooni na sadaka. Unanifahamu.

Zikabaki siku chache, ndipo tukakutana na panya. Mwalimu, vile vinyundo vidogo vinavyogonga nyuzi vilitakiwa viwe na sufu kichwani, na panya walikuwa wameitafuna nusu nzima, wakatengeneza kitanda. Pasipo sufu mbao inagonga waya, inalia kama sufuria. Nikajaribu blanketi. Ikawa kama mtu anatembea na kandambili. Nikajaribu kofia yangu ya baridi, ikayeyuka kwenye gundi, kumbe ilikuwa plastiki tangu zamani, nami nilijisifia nayo.

Mwisho wa mwezi ukafika, fundi samani akaja na mkokoteni. Alikaa kizingitini kwa adabu, akawa anakunja na kukunjua futi kamba. Mimi nikachukua kisu nikaanza kubandua kofia kwenye vinyundo. Nadhani hujawahi kuniona nimeshindwa na kofia, na hiyo nayo umeikosa.

Skola alikuwa chumbani anafunga mizigo. Akatoka na koti lako jeusi. Lile, unalijua, la sufu nzito, ulilolivaa kwenye kila harusi na kila kipaimara, jua la Kigoma linapasua, wewe unatiririka jasho unasema, "Mwalimu havuliwi koti na hali ya hewa." Alikuwa ameshalikunja ndani ya sanduku lake. Akanipa pamoja na mkasi.

"Kata wewe," akasema. "Mimi siwezi."

Nikalinusa kwanza. Bado lina harufu yako ya chaki, na kidogo ya yale mapipi ya mnanaa uliyokuwa unawaficha wajukuu zako.

Sitakudanganya, mkasi niliuweka chini mara mbili. Halafu nikakumbuka mimi ni mtani, nguo ya marehemu ni haki yangu. Nikaanza na pale pa kukalia, ndipo palipokuwa pamesagika na kulainika vizuri. Mama Jeni akabandika kwa gundi, kipande kwa kipande. Alipobonyeza, Skola akaegemea ukuta. Yule fundi samani akasimama. Akasema, "Kumbe ni kitu." Akaweka futi kamba mfukoni, akatusaidia kuibeba, na mkokoteni wake ukaenda nayo mpaka barabarani bila kutudai.

Tukaipakia kwenye kigari cha kirikuu, nikapanda nyuma nikaikumbatia. Tulipovuka mto Luiche mashimo yakaanza, na kila shimo piano inajipigia yenyewe. Wanawake waliokuwa wanarudi shambani wakaweka chini vikapu vya mihogo. Mmoja akaniuliza, "Mzee, unaoa?" Nikamwambia nampeleka bwana harusi.

Kona yako ilikuwa bado tupu, mwalimu mkuu hakukukatia tamaa. Tumeiweka miguu ndani ya makopo yenye mafuta machafu, mchwa wasipande. Alhamisi Mama Jeni anakuja kufundisha. Jino moja la upande wa chini halijakubali mpaka leo, mtoto mmoja akaniuliza mbona hili haliimbi, nikamwambia hilo limesoma mpaka darasa la nne.

Jana nilikwenda nikakaa dirishani kwa nje. Walikuwa wanapiga ule mlolongo wako, panda ngazi, shuka ngazi, wanakosea palepale kila mara. Nikawa nasikiliza na kufikiri: kila wakibonyeza, kipande cha Kapela kinanyanyuka kinagonga. Umerudi kazini, mzee. Bila mshahara, kama ulivyozoea.

Skola alirudi Dar na vifungo vya koti. Ananipigia simu siku za Alhamisi, ninaelekeza simu dirishani asikilize.

Zile nyingine mbili niliziwahisha bandani kwangu Katonga kabla nyumba haijakabidhiwa, na kuhusu ya mzungu nimeshaongea na shule ya pale. Naahidi itaingia kabla ya masika, na pamba sitaigusa. Ile ya kuku mchwa wameimaliza ndani, haina la kufanywa. Hiyo naitunza. Nikija huko nakuja nayo, na utaitengeneza mwenyewe mimi nikiwa nimekaa.

Kuna jambo moja nilikuficha. Siku ile kaburini nilitoa miguu kabla sijapewa nilichodai. Kabati halikuwa likiimba bado. Kwa mila yetu ulishuka bila ruhusa yangu, na mimi nimekuwa nikikushikilia pindo la koti muda wote huu.

Sasa linaimba. Nimeachia.

Genda amahoro, nenda kwa amani, kwa hicho Kiha chetu ulichokitamka miaka yote kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni.

Ni mimi mtani wako,
Bukuru, fundi maboti, Katonga