Mapacha Waliohesabiwa Mmoja

Jumatano, 4 Februari 2004

Ofisini Kibenga, saa mbili asubuhi. Jenereta inanguruma. Mtandao umekuja, polepole kama kawaida. Programu yangu inavuta majina ya wakimbizi kutoka tovuti ya makao makuu na kuyapanga kwenye hifadhidata yetu: watu jedwali moja, familia jedwali jingine. Kambi za Tanzania huandika kule, sisi tunachota huku. Orodha za malori ya kuwarudisha Warundi nyumbani zinatoka kwenye mashine yangu. Asiyemo hapandi.

Nyama ya Idi bado ipo. Nakula kwa sababu ni saa ya kula. Tangu mume wangu Saidi auawe kwa risasi mwaka jana, majirani zangu mtaani Buyenzi huniuliza kama nalala. Nalala.

Ijumaa, 6 Februari

Mkuu wa ofisi analalamika. Mtu mmoja anaingia mara mbili, mara tatu, kwa sababu kila karani huandika jina anavyolisikia. Nimeweka kanuni: baba yuleyule, mama yuleyule, tarehe ileile ya kuzaliwa, basi ni mtu yuleyule. Wa pili anafutwa.

Imefanya kazi mara ya kwanza. Mkuu amenipongeza. Sikuhisi kitu.

Jumatatu, 1 Machi

Mvua. Mlinzi, mzee Salvator, aliniita getini. Mwanamke amekaa chini, mtoto mgongoni. Ametembea kutoka Mutakura, mji wote kaukata kwa miguu. Alirudi na lori mwezi uliopita. Ana watoto wawili. Kambini walimsomea orodha, mmoja hayumo. Akaambiwa apande, huyo mwingine atafuata. Akamwacha kwa jirani. Malori mawili yamefika tangu hapo. Mtoto hakuna.

"Dada, uyu ni Bukuru," akasema. "Butoyi yake iko wapi?"

Bukuru na Butoyi. Majina ya mapacha, kwetu nani hajui. Nilielewa palepale, maji yananitiririka usoni.

Nikamwambia nitaangalia. Nikarudi ndani, nikanywa chai.

Jumanne, 2 Machi

Kwenye tovuti Butoyi yumo. Kwetu hayumo. Baba mmoja, mama mmoja, siku moja. Kanuni yangu ilimfuta. Mimi Mrundi, na sikuwafikiria mapacha.

Si yeye peke yake. Nimechapa majina ya wote waliofutwa, karatasi ikaisha.

Mkuu anataka tungoje mwisho wa mwezi ndipo turekebishe, tusivuruge kazi. Nikamwambia apana. Sijawahi kumwambia apana.

Ijumaa, 5 Machi

Niliondoa kanuni, nikavuta data yote upya. Umeme ukakatika katikati. Familia zimeingia, watu bado. Nikafuta, nikaanza tena. Ukakatika tena. Nikaanza tena.

Jina la Butoyi liliwahi orodha ya jana. Lori likaja bila yeye. Kambini wanasema kwa redio: jirani yule amehama kibanda, hawajui kaenda wapi, wanamtafuta mtoto.

Nimesali kwa midomo tu.

Jumatatu, 8 Machi

Amepatikana. Ana malaria, anatibiwa. Wanasema Alhamisi ataweza kusafiri. Nimeliangalia jina lake kwenye orodha mara nne.

Alhamisi, 11 Machi

Niliomba ruhusa nikaenda Mutakura, kwenye kituo cha mapokezi. Mama Bukuru alishafika. Lori liliingia saa tisa.

Dereva alimteremsha Butoyi. Amekonda, kichwa kikubwa kuliko mwili. Mama akamwita. Hakwenda. Alishika suruali ya dereva, akajificha nyuma yake. Mwezi mmoja tu.

Nikasema kabla sijakimbia. "Mama, ni mi nilimufuta kwenye orodha. Kompyuta ilizania ni mutu mumoja. Mi ndiye niliiambia ivyo."

Akaniangalia. Sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Akafungua kitenge, akamtoa Bukuru mgongoni.

"Nishikie uyu," akasema.

Akaenda kuchuchumaa karibu na lori, hatua chache kutoka kwa mtoto. Hakumwita tena. Akangoja.

Bukuru ni mzito. Ana jasho la usingizi. Aliweka kichwa begani kwangu kama vile tunajuana. Dereva naye hakusogeza mguu. Tukakaa hivyo mpaka Butoyi akaiachia suruali.