Unyusi wa Mama

Njombe, Jumatano. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na vidole vyangu vinanuka siki. Ndivyo inavyonuka silikoni ya kuzibia vioo kabla haijakauka. Nimeingia hapa intaneti nikicheka peke yangu.

Jumamosi kikundi chetu cha maigizo kinaigiza Makambako. Mimi nacheza nafasi ya bikizee. Wiki iliyopita nilijipaka unga kichwani, wenzangu wakaangua kicheko. Kiongozi akasema nisipopata uso wa mtu mzima kufikia leo, nafasi anampa mwingine. Nilijifungia chooni nikalia. Nimesoma miaka yote hii, na hiki ndicho kitu pekee ninachokitaka kweli.

Muuza vioo wa Makambako, Baba Rukia, aliponiuzia mirija minne ya silikoni aliuliza, "Dada, dirisha gani hilo?"

"Si dirisha, ni uso."

"Mungu akusitiri," akasema, akaniongezea brashi bure.

Uso niliuomba kwa Mama. Hajawahi kuja kuniona nikiigiza; kwake huo ni utoto. Lakini alivua kitambaa cha kichwani, akalala mkekani, akafumba macho. Nikampaka mafuta ya mgando, nikamfunika uso kwa jasi laini ili ikikauka ishike umbo lake, nikaacha tundu za pua. Sikumbuki lini niliugusa uso wake kabla ya hapo.

Nilisahau mafuta kwenye unyusi wa kushoto.

Jasi ilipobanduka, ilibanduka nao. Mama huimba mstari wa mbele kwaya ya kanisani! Nilipiga magoti. Alijitazama kwenye kioo muda mrefu, akasema tu, "Endelea na kazi yako."

Siku mbili nilipaka silikoni ndani ya ile jasi, tabaka juu ya tabaka, nikiiweka karibu na jiko la mkaa maana baridi hii haikaushi kitu. Jana niliibandua silikoni, ikatoka kinyago. Makunyanzi yote yapo. Na unyusi upo. Silikoni imeung'oa kwenye jasi, umekaa palepale pake.

Mama alikitazama kinyago. "Kamwene," akakisalimu, kama anavyowasalimu wazee wenzake.

Leo asubuhi nimekivaa mazoezini. Hakuna aliyecheka. Nafasi ni yangu.

Nilikimbia nyumbani kumwambia. Alikuwa anachambua maharage, kitambaa kimeshushwa hadi machoni.

"Jumamosi nakuja," akasema. "Siwezi kuuacha unyusi wangu uende Makambako peke yake."

Asante, Mama. Mimi niliomba uso tu.