Ngoma ya Mababu Niliyoitunga Sebuleni

Mpendwa mshauri, naomba msaada kabla ya Ijumaa, maana mimi ni fundi bomba wa miaka arobaini na minane, mwenye kitambi na akili timamu, ila nimejitia mwenyewe pabaya. Shule ya binti yangu ina Siku ya Tamaduni, kila familia ionyeshe ngoma ya kwao, binti akaniuliza, "Baba, ngoma yetu ni ipi?" nami nimezaliwa mjini, mama kwao kwingine, baba kwao kwingine, mke wangu kwao kwingine kabisa, nikaona aibu kusema sijui, nikainuka papo hapo nikacheza: inama, sukuma, vuta, zungusha kiuno, ruka nyuma, pangusa uso. Nikasema ni ya mavuno, ya mababu. Kumbe ni mimi nikizibua choo!

Binti akaipenda, mwalimu akaifundisha darasa zima, sasa watoto thelathini wanazibua choo hewani kwa heshima kubwa, na binti anawakemea, "Nyie, mababu hawakuruka hivyo!" Ijumaa atashika kipaza sauti aeleze historia ya ngoma hiyo mbele ya shule nzima na mgeni wa heshima, ambaye ni mama yangu mzazi. Jana mama kaona mazoezi, kaninong'oneza: "Mwanangu, mababu gani hao waliokuwa na choo cha kuvuta?"

Niseme ukweli, au niugue Ijumaa?

Fundi Muongo

Fundi, nimekuhurumia, halafu nimecheka mpaka chai ikanitokea puani. Ila usithubutu kuugua! Mtoto kakuuliza yeye ni nani, wewe ukamjibu kwa kiuno. Mtu mzima hovyo! Ungemwambia tu, "Sijui, twende kwa bibi," ungepungukiwa nini?

Leo hii, kabla hamjala, mketishe umwambie yote. Atanuna, mwache anune. Kisha mpeleke kwa bibi yake, amsimulie kwao kulivyokuwa, nawe ukae kimya usije ukaongeza chumvi. Mwalimu kamweleze kwa mdomo wako mwenyewe, usimtume mtoto. Ngoma isifutwe, watoto wameitolea jasho. Itangazwe tu kwa jina lake la haki: ngoma ya fundi bomba, mwaka wake wa kwanza. Kila ngoma ina mtu aliyeanza kuicheza, na huenda naye alikuwa anajitetea.

Na Ijumaa usijifiche viti vya nyuma. Panda jukwaani, simama nyuma ya binti yako, na uiname atakapokuamuru.